Mgongo wangu na beleshi la theluji

Leo siku ya nne nalala sakafuni, mto chini ya magoti, ndo maana nimepata nafasi ya kuandika. Jumapili usiku theluji ilikuja toka Ziwa Erie kama kawaida yake hapa Buffalo, Marekani, asubuhi gari haionekani na mi shifti yangu inaanza saa moja, nikatoka mbio na beleshi hata chai sijanywa.

Kulima nimelima tangu mdogo kule Makete, nikajua hii nayo ni kazi ya mikono tu. Kumbe jembe lilinizoesha kuinama kiunoni miguu imenyooka, na theluji inataka magoti. Halafu nilikuwa nachota beleshi linajaa pomoni, nazungusha kiuno, narusha nyuma ya bega. Ile kavu ya juu ilikuwa nyepesi kama sufi, haikunisumbua, shida ikaanza nilipofika barabarani pale greda la jiji linapopita na kuzibia kila nyumba, hiyo imeshindiliwa, imechanganyika na maji na vipande vya barafu, nzito kama zege bichi. Beleshi la tatu nikasikia kitu kimekata kiunoni. Nikabaki vile vile nimeinama, nimeng'ang'ania mpini, machozi yanatoka, kunyooka siwezi, kukaa siwezi.

Mzee jirani yetu, Mrundi, ndo alikuja kunishika mkono. Akaniambia, "Mwanangu, hii haibebwi, inasukumwa." Akanionyesha: mkono mmoja karibu na bati la beleshi, mzigo karibu na tumbo, ukitaka kugeuka geuza miguu yote, na ile nzito ya barabarani unaikata vipande vidogo vidogo. Ila hakuchota hata kidogo, ana presha, daktari alishamkataza.

Na hapo ndo naogopa kweli. Ile dhoruba ya Krismasi 2022 iliua watu zaidi ya 40 huku kwetu, na baadhi yao ni moyo uliwasimamia wakiondoa theluji. Baridi inabana mishipa, presha inapanda, na ukinyanyua kitu kizito unabana pumzi bila kujua, moyo unabebeshwa yote kwa pamoja. Kwa hiyo jamani, mkisikia kifua kinabana, maumivu yanakwenda mkononi au kwenye taya, tupeni beleshi hapo hapo mpige 911, namba ya dharura ya huku, msiseme ngoja nimalizie kidogo. Na kabla hujawasha gari, fukua kwanza bomba la moshi, ile hewa ya sumu iliyomo kwenye moshi ikirudi ndani ya gari haina harufu na inaua.

Usiku wa jana imeanguka tena. Saa hizi mwanangu yuko nje, nasikia beleshi linakwaruza, linanyamaza, linakwaruza. Nimemwambia kila dakika kumi aingie ndani anywe chai ya tangawizi, na kile kimya kikizidi kidogo namwita kwa sauti mpaka ajibu "Abee mama".