Shingo ya kuku kule Tendaguru

Mwaka 2011, nikiwa nimemaliza kidato cha sita na nangoja kwenda chuo, mwalimu wangu wa baiolojia aliniambia nifuatane naye Tendaguru, kilima cha mkoani Lindi kilikochimbwa mifupa ya dinosaria, yale majitu ya kale yaliyokwisha kutoweka. Mjomba ndiye aliyetupeleka kwa gari lake. Kutoka Lindi mjini ni kama kilomita 60, lakini njia ya kule ndani ilikuwa mchanga na mashimo, tukafika jua limeshainama.

Kilima chenyewe ukikiangalia hakina makuu. Nyasi, vichaka, miti ya miombo. Mzee aliyetupokea alitupitisha kwenye mashimo ya zamani ambayo mvua za miaka mingi zimeyafukia, na asingetuonyesha tungepita tu. Mwaka 1906 mhandisi Mjerumani aitwaye Bernhard Sattler aliiona mifupa mikubwa imechomoza ardhini hapa, na kuanzia 1909 hadi 1913 makumbusho ya Berlin ikachimba. Waliochimba ni watu wa Lindi, ilifika mamia kwa wakati mmoja, chini ya msimamizi wao Boheti bin Amrani. Vita vya Majimaji vilikuwa vimekwisha juzi tu na njaa yake bado ilikumbukwa. Watu hao ndio waliobeba mifupa mabegani na vichwani, siku kadhaa kwa miguu, hadi bandarini Lindi. Mimi nilisoma Lindi tangu darasa la kwanza na jina la Boheti nililisikia mara ya kwanza siku ile. Bado naona ni vibaya.

Mwalimu alituonyesha jiwe lenye alama za kombe, akalirudisha pale pale lilipokuwa. Miaka milioni 150 iliyopita bahari ilifika huku. Ndiyo maana udongo huu umehifadhi si majitu peke yake, bali pia samaki, mamba wadogo, viumbe warukao wenye mabawa ya ngozi, hata kipande cha taya cha mnyama mdogo anyonyeshaye. Hicho cha mwisho kilinikaa moyoni kuliko vyote, kwa sababu upande wetu ndio ule, wa wanyonyeshaji, wakijificha miguuni mwa wakubwa.

Usiku mwenyeji akatuchinjia jogoo. Tulipokaa mkekani mjomba akasema lile ambalo karibu kila mtu husema, kwamba dinosaria ni babu yake kenge.

"Hapana, kaka," mwalimu akamjibu. "Ndugu yake tunamla sasa hivi."

Akaomba shingo ya yule jogoo. Tukaitoa nyama taratibu, tukaanza kuhesabu pingili kwa mwanga wa kandili. Tulipata 12, nyingine zilikuwa zimeondoka na kichwa, maana kuku huwa nazo kama 14. "Na twiga?" akaniuliza. Nikasema nyingi, labda 30. Kumbe twiga ana 7, sawa na mimi, sawa na panya, sawa na nyangumi. Wanyonyeshaji karibu wote wamefungwa kwenye 7, akitaka shingo ndefu lazima arefushe kila pingili. Jitu la Tendaguru, ambalo mtaalamu Mjerumani Werner Janensch alilipa jina mwaka 1914 na leo linaitwa Giraffatitan, lilikuwa na pingili 13, na baadhi zilikuwa na urefu wa karibu mita moja.

Mjomba akauliza shingo kama hiyo ilinyanyuliwa na nini. Mwalimu akachukua mfupa wa juu wa bawa, akauvunja. Ndani mtupu. Mjomba, ambaye hufyonza uboho wa paja la kuku mpaka tone la mwisho, aliuchungulia ule mfupa asiamini. Ndege ana vifuko vya hewa vinavyotoka kwenye mapafu na kuingia hadi mifupani, na pingili za lile jitu nazo zina matundu na vyumba vya hewa vya namna hiyo hiyo. Kwa hiyo shingo ile ilikuwa nyepesi kuliko ukubwa wake. Nilikuwa nimefaulu baiolojia vizuri, lakini sikuwahi kuielewa hivyo, kwa vidole vyenye mafuta.

Mwenyeji wetu alikuwa kimya muda wote. Kisha akauliza, "Huko Ulaya wamemsimamisha au wamemlaza?"

"Amesimama, mzee wangu. Tangu 1937. Kichwa kiko juu zaidi ya mita 13."

Mwalimu akaeleza kwamba mwanzoni miguu ya mbele waliipinda kidogo kwa nje, mkao wa mjusi, na mkia ukaburuzwa chini. Hadi 2007 walipoijenga upya mifupa ile, miguu ikanyooshwa kama nguzo na mkia ukainuliwa hewani. Mzee akatikisa kichwa, akasema hata wao basi walidhani ni kenge. Mjomba alifurahi sana kusikia hivyo.

Asubuhi njiani akaendelea kuuliza. Kenge je, wa ukoo gani? Yeye na nyoka ni ndugu wa karibu, mwalimu akasema, na mijusi midogo ilikuwepo Tendaguru zama zile zile. Na mamba? Mamba yuko karibu zaidi na kuku kuliko na kenge. Hilo mjomba alilikataa mpaka tunaingia Lindi.