Paris inang'oa lami mbele ya shule

Tangu 2020, Anne Hidalgo alipokuwa meya, jiji la Paris limekuwa likifunga barabara zinazopita mbele ya shule ili magari yasipite. Sasa zimeshazidi 200.

Ukikaa huku utaziona za aina mbili. Kuna zilizowekewa kizuizi cha chuma na kibao, basi. Lami ni ileile, na mwenye pikipiki akiwa na haraka zake anajipenyeza pembeni. Za aina ya pili ndizo zinazonikosha. Mafundi wamechimbua lami, maegesho yameondolewa, na pale magari yalipokuwa yakilala pamepandwa miti. Chini wametandaza mawe ya rangi nyepesi, usawa mmoja ukuta hadi ukuta, kwa hiyo hata mwenye kiti cha magurudumu anapita bila kusaidiwa. Zimamoto nao wana namna ya kuingia, kwa wale wanaouliza.

Kwangu mimi, faida kubwa ni kuondoka kwa magari yaliyoegeshwa. Mtoto wa darasa la kwanza akisimama nyuma ya gari kubwa haonekani kabisa. Dereva anakuja kumwona akiwa tayari katikati ya barabara. Gari likienda kilomita 50 kwa saa linahitaji kama mita 28 mpaka lisimame, likienda 30 ni mita 13 hivi. Mwaka 2021 jiji lilishusha mwendo kuwa 30 karibu kote, na ni jambo jema, ila mwendo mdogo haumfanyi mtoto aonekane.

Wazazi wenye magari hawakukosa la kusema: sasa nimshushie wapi mwanangu? Mshushie kona ya pili, mtembee. Asubuhi siku hizi langoni pamekuwa kijiwe, watu wameshikilia baiskeli wanapiga soga hadi mlango unafungwa.

Machi 2025 wakazi waliulizwa kama mitaa mingine 500 ifungiwe magari. Asilimia 66 ya waliopiga kura walikubali, ingawa waliojitokeza walikuwa kama asilimia 4 tu. Sisi tusio raia wa Umoja wa Ulaya hatukuwa na kura. Ningekuwa nayo ningekubali, kisha ningewasumbua kuhusu vivuko vya barabarani. Mtaa wa shule ni mfupi, na mtoto wa baiskeli hulazimika kukatiza barabara kubwa kabla hajaufikia.