Tumbo langu lilivyokuwa na miguu

Mdogo wangu anakwenda shule ya bweni mwezi ujao, na wajomba na mashangazi wameshaanza kumpa dawa ileile waliyonipa mimi: "Jikaze. Usiwafikirie wazazi. Utazoea." Nimekaa kimya wiki nzima, sasa nimechoka.

Mimi niliondoka nina miaka 14. Kuzoea nilizoea, ila si kwa kujikaza. Kujikaza nilikujaribu wiki tatu, nikaishia kitandani kwa muuguzi.

Aliyeanza kuniharibia ni baba, maskini, tena kwa mapenzi. Tukiagana aliniinamia akanong'ona, "Ukishindwa nipigie tu, nitakuja kukuchukua hata usiku." Basi ndiyo ikawa kazi yangu. Sikutafuta rafiki, sikusikiliza somo. Kutwa najipima kama nimeshashindwa kiasi cha kutosha kumpigia. Mzazi, ahadi hiyo imeze. Mtajie mwanao tarehe utakayokwenda kumtembelea, na siku hiyo uonekane.

Kosa la pili ni langu mwenyewe. Ndani ya kifuniko cha sanduku nilichora vijumba 97, kimoja kwa kila siku hadi likizo. Siku hazikwenda, nikahamia kwenye saa: 2,328. Hebu jaribu kula chakula cha mchana ukijua zimebaki 2,244. Hesabu sijawahi kuiweza maishani, lakini hiyo nilikuwa naipiga hata usingizini.

Wiki ya tatu nikaamua kuugua. Niliigiza vizuri, nasema kweli: chai sikugusa, uso nikausugua kwa taulo mpaka ukachemka, nikaingia kwa muuguzi nimejikunja kama jongoo. Akaniuliza panauma wapi. Nikashika kulia, chini ya mbavu. Akanilaza. Jioni akauliza tena, nami nilishasahau, nikashika kushoto. Hakusema kitu. Asubuhi, macho hayajafunguka vizuri, nikamwonyesha kitovu.

"Mwanangu," akasema, "hili tumbo lako lina miguu? Jana mchana lilikuwa kulia, jioni limevuka kushoto, leo liko katikati. Naona linatafuta njia ya kwenu."

Nilicheka. Kicheko kikanigeukia kikawa kilio, nikalia mpaka foronya ikalowa. Hakunibembeleza wala hakunikaripia. Alivuta kiti, akaendelea kukunja bandeji zake.

Na tumbo, wallahi, lilikuwa linauma. Si pale nilipoonyesha, si wakati ule, lakini kila usiku lilinisokota. Miaka baadaye nilisoma habari za Johannes Hofer, mwanafunzi wa udaktari kule Basel, Uswisi, ambaye mwaka 1688 aliandika tasnifu nzima kuhusu ugonjwa wa kutamani nyumbani. Akaupa jina kwa kuunganisha maneno mawili ya Kigiriki, kurudi nyumbani na maumivu. Anamtaja kijana kutoka Bern aliyekuwa akisoma Basel, akadhoofika kabisa, na akaanza kupata nafuu mara tu aliposafirishwa kurudi kwao. Natamani wajomba zangu wangekuwepo wamwambie huyo naye ajikaze.

Nilipomaliza kulia muuguzi aliniuliza swali ambalo hakuna mtu alikuwa ameniuliza: "Unawakumbuka zaidi saa ngapi?" Nikafikiri. Taa zikishazimwa. Na Jumapili alasiri, nguo zimeshafuliwa, mikono haina kazi. "Na kwenu unapiga simu saa ngapi?" Usiku, kabla ya kulala. Akanitazama tu. Nilikuwa naichukua sauti ya mama mbichi kabisa na kuingia nayo gizani!

Nikahamishia simu Jumamosi mchana, kabla ya netiboli. Nikikata, kuna mpira wa kukimbilia. Usiku nikawa na daftari, la bei ya kutupa, la kuandika mambo ya kumsimulia mama. Hapo ndipo ujanja ulipo, maana kulia kila wiki kwenye simu kunachosha hata mliaji; ilibidi nipate visa. Na visa havipatikani ukiwa umejifunika shuka. Nikagundua msichana wa kitanda cha tatu anatamka jedwali la kuzidisha usingizini, na analikosea. Nikaanza kuwajua watu kwa majina ili mama asichanganyikiwe. Tena nilikuwa na fulana yake isiyofuliwa ndani ya foronya, mpaka siku moja nikaifua kwa bahati mbaya pamoja na soksi. Nililia kama nimefiwa, halafu nikaandika na hilo.

Wenye macho makavu nao muwaangalie. Mwenzangu wa kitanda cha chini hakudondosha chozi hata moja, alikuwa mcheshi kuliko sote, na sote tukimwonea wivu. Kumbe alikuwa hali wala halali. Ndiye aliyerudishwa kwao katikati ya muhula, wakati mimi mlizi nimebaki.

Juzi nilimpa mdogo wangu lile sanduku. Alifungua kifuniko, akavihesabu vijumba vilivyokatwa.

"Dada, mbona umeishia 23? Siku ya 24 kulitokea nini?"

Nikajaribu kukumbuka. Nilikwenda hata kulitafuta lile daftari. Siku ya 24 nimeandika kwamba saba mara nane ni hamsini na nne.