Siku Nilipokuwa Mkono wa Baba

Harufu ya mkaa unaoanza kushika moto naipenda kuliko harufu ya nyama yenyewe. Nasema ile dakika moshi wa kwanza ukishapita, joto likaanza kuitetemesha hewa juu ya wavu na bado hujaweka chochote. Kubanika uani nimekuzoea tangu utotoni, na hadi leo siku ya mapumziko ikifika, nyumbani kwangu hakuna anayeuliza niko wapi. Lakini mapenzi hayo yalishika mizizi siku moja hasa, nikiwa na miaka 13, Baba alipokuwa amevunjika mkono.

Ulikuwa mkono wa kulia, umefungwa plasta tangu kiganjani hadi juu ya kiwiko. Shangazi na mjomba walikwisha kualikwa pamoja na watoto wao, na Mama akashauri kuku wapikwe ndani tu, mambo yaishe. Baba hakutaka kusikia. Akaniita pembeni, akasema, "Leo mkono wangu ni wewe. Mimi nitakupa macho na masikio."

Jiko letu lilikuwa la duara, lenye miguu mitatu na kifuniko. Baba alijua lilikotoka wazo lake na alipenda kulisimulia: mwaka 1952, George Stephen, aliyekuwa akifanya kazi Weber Brothers Metal Works huko Chicago, alichoka na upepo uliomvurugia moto kila alipochoma nyama nje. Kiwanda chao kilikuwa kikitengeneza maboya ya chuma, basi akachukua umbo la boya, akaligawa, nusu ikawa jiko na nusu ikawa kifuniko. "Watu wanatazama moto," Baba alikuwa akisema, "mimi natazama matundu." Aliamini kazi yote iko kwenye yale matundu ya hewa ya chini na ya juu. Moto unakula hewa: ipunguze, utatulia; ifungulie, utachachamaa.

Mafuta ya taa yalikuwa marufuku kwetu, hata tone, kwa sababu harufu yake haiondoki upesi na chakula huibeba. Tuliwashia kwenye kopo refu la bati lililotobolewa chini na ubavuni. Nilikunja karatasi nikaziweka chini, nikajaza mkaa juu, nikapiga kiberiti. Hewa moto ikapanda, ya baridi ikavutwa kutoka chini, na vipande vya chini vikaanza kuwaambukiza wenzao. Nilipotaka kupepea, Baba akanizuia. Mkaa ni mti uliokwisha kupita motoni penye hewa haba. Maji na sehemu kubwa ya moshi vimetoka, kilichobaki ni kaboni kwa wingi. Ndiyo maana moto wake hauna ndimi ndefu, una joto tu. Tulikaa robo saa hivi, yeye kwenye kigoda, mimi nimechuchumaa, mpaka vipande vya juu vikavaa majivu meupe pembezoni.

"Mwaga," akasema. "Upande mmoja tu."

Hapo ndipo niliposhangaa, maana nilidhani makaa hutandazwa jiko zima. Akaniambia niweke kiganja juu ya wavu, upande wa makaa, nihesabu. Sikupita tatu. Upande mtupu nilihesabu hadi nikachoka mwenyewe. "Basi una majiko mawili," akasema. "Huku panaivisha, kule panapamba."

Mapaja ya kuku tukayaanzisha upande usio na makaa, ngozi juu, kifuniko kimefungwa. Siku hizi naona watu wengi wakiyatupa moja kwa moja juu ya moto mkali, yakawa meusi nje na mabichi mfupani, halafu lawama anabebeshwa mkaa. Mkaa hauna kosa. Paja ni nene na lina mfupa. Linataka muda, na muda huo linaupata mbali na makaa.

Nilipoyahamishia upande wa moto, Baba akafumba macho. Mafuta yalianza kudondoka, kila tone likigusa kaa linageuka mvuke na moshi unaorudi juu na kuing'ang'ania nyama, na utamu ambao hakuna sufuria iwezayo kuutoa unaanzia hapo. Mwanzoni sauti ilikuwa kubwa, ya kuruka na kupasuka, kwa sababu ngozi ilikuwa na maji bado. "Acha," akasema. Sauti ikashuka polepole, ikawa laini na kavu. "Sasa geuza." Nikageuza, na ngozi ilikuwa kahawia ya dhahabu tupu. Baadaye sana nilikuja kusoma kuhusu Louis-Camille Maillard, Mfaransa aliyeeleza mwaka 1912 namna asidi za amino, yaani vijenzi vya protini, na sukari zinavyokutana kwenye joto na kuzaa rangi ile na harufu ile. Jambo hilo haliendi vizuri mpaka maji ya juu ya nyama yakauke. Baba alikuwa akisikiliza maji yakiisha.

Mara akasema kwa haraka, "Funika!" Mimi sikuwa nimeona kitu. Nikafunika, na kupitia tundu la juu nikauona mwali uliokuwa umeshaanza kulamba mafuta ukinywea kwa kukosa hewa. Alikuwa ameusikia kabla haujanyanyuka.

Kuiva alikupima kwa kisu, akachungulia karibu na mfupa, akaridhika na majimaji yaliyotoka meupe. Mimi leo natumia kipimajoto na sitoi kuku kabla ya nyuzi 74, kwa sababu kwa kuku kubahatisha si ujuzi. Lakini masikio yake sijapata chombo cha kuyazidi.

Mezani alikula kwa mkono wa kushoto, Shangazi akimchambulia nyama kama mtoto, na wala hakujali. Mjomba akaanza kumsifu kwa mazoea, jinsi mkono wake haukosei. Baba akauinua ule mkono wa plasta, mzito na mweupe, akaunyoosha kuelekea kwangu. Meza nzima ikageuka kunitazama.

Jioni, wageni walipoondoka, akanionyesha jambo la mwisho: kufunga kifuniko na matundu yote, chini na juu, moto ufe wenyewe bila maji. Kesho yake nilifungua nikakuta nusu ya mkaa mzima, mkavu, unalia kama vigae ukigonganishwa. Tukauchanganya na mpya, nami nikaenda kumwomba Mama vitunguu na mahindi, kwa kuwa kuku walikuwa wamekwisha.