Chalbi na watoto: nilivyoipanga safari yetu ya jangwani

Wanaoniulizia safari ya Chalbi huanza na gari. Land Cruiser au Prado, tairi gani, vyuma gani vya kufunga mbele. Mimi nilianza na maji, nikaja kwenye njia za kutokea, gari likawa la tatu. Letu ni Land Cruiser kuukuu ya dizeli, na la wifi yangu na mumewe ni kuukuu zaidi. Yote mawili yalipitia kwa fundi: springi, mikanda, mipira ya rejeta. Kwenda na gari moja sikukubali hata kujadili. Jangwani gari la pili ndilo la kukuvuta ukizama na la kukurudisha mjini ukiharibikiwa.

Njia tuliyoichora inajulikana na wanaopenda kaskazini mwa Kenya. Nairobi hadi Isiolo na Marsabit ni lami tupu, na ni mbele ya Marsabit, pale Bubisa, ndipo unapoiaga lami na kushika Maikona, Kalacha na North Horr, halafu unateremkia Loiyangalani kwenye Ziwa Turkana. Kurudi tulipanga kupitia South Horr, Baragoi na Maralal. Niliikadiria Marsabit hadi Maralal kuwa kilomita 500 na ushei, na katikati hapo hakuna kituo cha mafuta cha kutegemea. Dizeli ipo, inauzwa kwa mapipa na majerikeni, lakini huna hakika utaikuta, wala huna hakika na usafi wake. Gari letu kwenye lami linakwenda kilomita tisa kwa lita. Kwenye mchanga nikalihesabia tano. Hiyo ni lita 100, nikaongeza theluthi kwa kupotea, kuzunguka na kurudi nyuma. Tangi la lita 90 na jerikeni tatu za ishirini zikatosha na baki ikabaki.

Maji yalinipa kazi kubwa zaidi. Tulikuwa watu tisa pamoja na mwenyeji wa kutuongoza. Lita tano za kunywa kwa kila kichwa kwa siku, watoto sawasawa na wakubwa, ni lita 45 kila siku. Nikabeba ya siku zote za jangwani, na za siku mbili juu yake kama tungekwama. Ya kuoga na kuosha vyombo tulichota visimani Kalacha na North Horr. Yana ladha ya magadi lakini vyombo havijali. Nilikataa tangi moja kubwa. Tulitumia mitungi ya lita kumi kumi, nusu kila gari, kwa sababu mtungi mmoja ukipasuka umepoteza kumi tu, na binti yangu mkubwa anaweza kuunyanyua peke yake. Yote ilikaa chini, nyuma ya viti. Ukipandisha kilo 100 za maji kwenye keria, gari linapepesuka kila shimo.

Mimi ni mtu wa Mombasa, joto si geni kwangu. Lakini joto la pwani linakutoa jasho na unajua umechoka. La Chalbi linakausha jasho kabla hujaliona. Mtoto anacheza, ngozi kavu, hasemi ana kiu, kumbe maji yanamwisha mwilini. Kwa hiyo kila mtoto alikuwa na chupa yake yenye alama, na ilibidi iwe tupu kufikia chai ya saa nne. Asiyemaliza hapati tende. Tena nilikuwa nauliza rangi ya mkojo bila haya. Walinicheka siku ya kwanza, baadaye wakawa wanaripoti wenyewe kwa sauti, hata mbele za watu.

Tarehe ilijipanga yenyewe. Chalbi ni kitako cha ziwa la kale lililokauka, tambarare, juu gamba jeupe la chumvi, chini udongo laini. Mvua za Machi hadi Mei na za Oktoba hadi Desemba zikinyesha vizuri, panageuka bwawa la matope na hakuna gari linalopita. Agosti shule zimefungwa na ardhi imekauka, ingawa upepo wake si wa kawaida. Hata hivyo sikuuamini ukavu kwa macho yangu. Pale Marsabit tuliulizana kwa watu tukapata mzee wa Kigabra, mwenye kuijua njia ile tangu akiwachunga ngamia, akakaa kiti cha mbele katika gari la kwanza.

Faida yake niliiona mbele ya Maikona. Kulikuwa na alama za magurudumu zilizonyooka kabisa kuelekea Kalacha, njia ya mkato, na mume wangu ameshaanza kuielekeza gari huko. Mzee akasema, "Simama, baba." Akashuka, akatembea hatua kama thelathini, akakanyaga kwa kisigino na kuzungusha. Gamba likavunjika kama ukoko wa wali, na chini yake udongo ulikuwa wa kijivu, unang'aa kwa unyevu. "Hii imepitwa na pikipiki," akasema. "Gari lenu litalala hapa." Tukazunguka pembeni tukifuata njia ya malori ya mifugo, asubuhi nzima ikaishia humo. Katika ratiba nilikuwa nimeshaacha nafasi ya mambo kama hayo. Hatukupanga kuendesha gari baada ya saa sita mchana hata siku moja. Jua likiwa utosini, vivuli vinapotea na huoni shimo wala tuta, na mbele yako ni mazigazi tu, ziwa lisilokuwepo. Tuliondoka saa kumi na mbili alfajiri, saa sita turubai limeshafungwa kati ya magari mawili na watu wanalala.

Tairi ni somo lake. Kwenye lami tulikuwa na upepo wa psi 38, mchangani tukatoa upepo hadi 20, na kwenye mawe meusi ya volkano tukarudisha hadi 28, maana tairi laini huvimba ubavuni na mawe yale yanakata kama kisu. Pampu ya kuunganisha kwenye betri ilifanya kazi kuliko kifaa kingine chochote tulichobeba. Spea mbili kila gari. Winchi hatukuwa nayo. Koleo, mbao mbili nene na kamba ya kuvutia vilitosha.

Na leso! Nilishona leso mbili pamoja, ncha nikazifunga mlangoni mwa gari, choo cha faragha kikapatikana mahali ambapo hakuna hata kichaka. Wifi alikuwa amenunua hema maalumu la shughuli hiyo. Usiku wa kwanza Loiyangalani, upepo unaoshuka kutoka mlima Kulal ulilichukua, na sijui liliishia wapi. Mahema ya kulala tuliyaegemeza kwenye mikoma na kuyakandamiza kwa mawe makubwa ndani, kila pembe, kwa sababu vigingi ardhi ile haivishiki.

Sasa njia ya kutokea. Kila siku jioni nilikuwa namtumia kaka yangu Nairobi ujumbe kwa kifaa cha setilaiti, naye alikuwa na karatasi ya ratiba yote: asipopata neno hadi usiku wa kesho yake, awapigie polisi Marsabit. Ratiba ile ilikuwa na njia mbili za kurudi. Ya pili ni ile inayotoka kwenye mitambo ya umeme wa upepo ya Ziwa Turkana, yote 365, hadi Laisamis kwenye barabara kuu ya Marsabit, kilomita 208 zilizotengenezwa ili malori yapitishe vyuma vyake. Haina mandhari ya Maralal, lakini ni changarawe nzuri na inakurudisha kwenye lami.

Tulipouliza kituoni Loiyangalani, askari aliwatazama watoto kwanza. Kulikuwa na maneno ya wizi wa mifugo upande wa Baragoi. "Magari yanapita," akasema, "ila mimi wangu nisingewapitisha." Shemeji alitaka tusubiri siku moja tusikie zaidi. Nikamwambia, "Shemeji, jambo hili tulishaliamua tukiwa Nairobi." Na kweli tulikuwa tumeandika: neno moja la wasiwasi kutoka kwa polisi au wenyeji, tunashika Laisamis, bila kupiga kura. Alinuna hadi mchana.

Isiolo tulilala, na asubuhi magari yakaingia kuoshwa kwa chini, si bodi peke yake. Chumvi ya Chalbi hujificha juu ya springi na ndani ya chasisi, na ukiiacha inakula chuma kimyakimya. Kijana wa kuosha alitaka kumaliza haraka; nikamlipa mara mbili ili arudie, nikisimama naye na tochi.