Ubeti wa Pili wa Wimbo wa Taifa

Hapa Tabora, katika mahafali na mikutano ya hadhara, Wimbo wa Taifa huanza kwa nguvu na kulegea katikati. Ubeti wa kwanza, unaoiombea Afrika, huimbwa na karibu kila aliyepita shule ya msingi; ukifika wa pili, unaoiombea Tanzania, sauti hupungua, midomo ikaendelea kucheza bila maneno, na wachache waliobaki, aghalabu walimu na wanakwaya, ndio wanaoufikisha mwisho.

Siamini kwamba hali hii inatokana na upungufu wa uzalendo, kama wasemavyo baadhi ya wazee wetu. Ubeti wenyewe una mtego. Mstari wake wa nne unarudia "Mungu ibariki", maneno yale yale yanayoufungua, kwa hiyo aliyekwisha kuimba "wake kwa waume na watoto" hujikuta amerudishwa mwanzo, na asipokuwa makini humalizia kwa Afrika badala ya Tanzania. Ubeti wa kwanza hauna taabu hiyo, kwa kuwa mahali hapo pana "hizi ni ngao zetu", maneno yasiyofanana na mengine yoyote ndani ya wimbo.

Lipo pia suala la vipaza sauti. Siku hizi sherehe nyingi hupigiwa wimbo uliorekodiwa, pengine wa ala tupu, na wananchi husimama wima, mikono ubavuni, wakisikiliza. Heshima ipo, ila mtu aliyemaliza shule zamani anaweza kuhudhuria sherehe za namna hiyo mfululizo bila kutamka neno hata moja.

Jambo hilo linanisikitisha zaidi kwa sababu muziki huu ulitungiwa sauti za watu. Enoch Sontonga, mwalimu na kiongozi wa kwaya wa Afrika Kusini, aliutunga mwaka 1897 kama wimbo wa kanisa. Tanganyika ikauchukua kwa maneno ya Kiswahili ilipopata uhuru mwaka 1961, na Zambia ikautumia mwaka 1964, ilhali huko ulikozaliwa ulisubiri hadi 1994 kuwa wimbo wa taifa. Ndiyo maana wanakwaya wa Moravian na wa Kikatoliki hapa mjini, wakiuimba kwa sauti nne, huupa uzito ambao spika haiwezi kuutoa. (Bendi ya polisi naisamehe.)

Mpwa wangu, aliye darasa la tatu, simlazimishi auimbe wote kila tunapofanya mazoezi. Humwanzisha kwenye "wake kwa waume", avuke ule mstari wa nne na kuingia kwenye kiitikio bila kusita. Mistari miwili ya mwanzo sina wasiwasi nayo, maana hiyo hata wale wanaosimama nyuma kabisa mstarini huiimba kwa kupiga kelele.