Kilo 94 ulingoni: kumbukumbu yangu ya kujifunza ngumi Dodoma

Wiki ya 1

Nina kilo 94 na urefu wa sentimita 178. Nimebeba vyuma miaka minne hapa Area C, na nikikatiza soko la Majengo watoto huniita baunsa. Jumamosi nilikwenda Nkuhungu kwa mara ya kwanza, kwenye banda la mabati wanakofanyia tizi mabondia. Kuna begi tatu kwenye boriti, na ulingo umezungushiwa kamba ya katani. Kocha ni mzee wa Kigogo. Aliniitikia "mbukwa", akanitazama miguu badala ya kifua, kisha akamwita kijana fundi cherehani mwenye kilo 62 tucheze raundi mbili nyepesi.

Simu ilikuwa inarekodi, na usiku nimehesabu. Raundi ya kwanza nilirusha ngumi 41, zikafika 4. Fundi alirusha 30, zikafika 19. Dakika ya pili haijaisha mikono yangu ilikuwa imeshuka hadi kiunoni. Tulipovua glovu kocha aliniambia, "Mwili unao, mwanangu. Hujajua tu pa kuuweka."

Kwa hiyo mradi ni huu: kila Jumamosi ninayoweza, nacheza raundi mbili na Fundi, narekodi na kuhesabu. Nataka kujua mwili unachangia nini na kujifunza kunachangia nini.

Wiki ya 2 na ya 3

Sijagusa begi. Kazi ni kamba, kupigana na kivuli, na kutembea juu ya mstari wa chaki: mguu wa mbele unatangulia, wa nyuma unafuata, miguu haipishani. Nimehesabu ngumi zangu zilizomfikia Fundi: 5, kisha 3.

Wiki ya 5

Wiki hii nimeelewa jambo moja, na nataka kuliandika lote.

Nilikuwa naamini ngumi inatoka begani na mkononi, kwa hiyo mwenye bega kubwa ana ngumi kubwa. Kocha alinisimamisha mbele ya begi, akashika kisigino changu cha nyuma na kukizungusha kwa mkono wake. Kisigino kikageuka, nyonga ikafuata, bega likafuata, na mkono ukaenda wenyewe. Begi lililia kwa sauti ambayo sikuwahi kuitoa. Bega halikuwa limefanya kazi yoyote ya maana.

Kisha akaniuliza kwa nini nakunja ngumi muda wote. Ukikaza ngumi kabla ya kuirusha, msuli wa mbele wa mkono, ule tunaoujenga kwa vyuma ili mkono uonekane, unavuta mkono kuurudisha kwako wakati msuli wa nyuma unajaribu kuunyoosha. Unapigana na mkono wako mwenyewe. Ngumi inachelewa, na bega linatikisika kwanza, kwa hiyo mwenzako anaiona ikija. Fundi alinithibitishia: "Kaka, bega lako linanipigia simu kabla ya mkono kufika." Ngumi inatakiwa kwenda imelegea na kufungwa pale tu inapogusa.

Suala la pumzi nalo liko hapo hapo. Msuli uliokazwa unakula hewa hata kama haupigi. Nilikuwa nimekaza kifua, shingo na mikono kwa dakika 3 nzima, na misuli yangu ni mingi. Sasa nimepewa sheria ya kutoa pumzi kwa kila ngumi, hata jabu (ngumi iliyonyooka ya mkono wa mbele) ndogo kabisa.

Jumamosi: 7 zimefika kati ya 28. Nilirusha chache, lakini raundi ya pili nilimaliza mikono ikiwa juu.

Wiki ya 8

Kijiweni kwenye kahawa, karibu na Nyerere Square, ulizuka ubishi uliochukua vikombe vitatu. Jamaa mmoja alisema mwili si kitu, akamtolea mfano Andy Ruiz alivyomwangusha Anthony Joshua New York tarehe 1 Juni 2019. Kila mtu aliitikia. Mimi nilikataa, kwa sababu nilikuwa nimetoka kulitazama tena pambano lile.

Usiku ule Ruiz alipima karibu kilo 122, Joshua kilo 112. Mzito alikuwa Ruiz! Joshua alimzidi urefu, na kifua chake kilikuwa kama kimechongwa kwa patasi. Ruiz alikuwa na tumbo. Tulichokiona kikishindwa ni umbo la kupendeza macho, na watu wakaliita ukubwa. Ruiz aliangushwa raundi ya tatu, akasimama, akaanza kurusha ngumi fupi za haraka mfululizo Joshua alipomsogelea. Raundi ya saba mwamuzi akasimamisha.

Waliporudiana Saudi Arabia Desemba mwaka huo huo, Joshua alikuja na kilo 107 na ushee, Ruiz akaja na kilo 128. Joshua alicheza miguu na jabu raundi zote 12 na kushinda kwa pointi. Alikuwa amepunguza mwili ili auweze.

Wanaotaka mfano wa mdogo kumshinda mkubwa wamtazame Oleksandr Usyk dhidi ya Tyson Fury, Riyadh, Mei 2024: kilo 101 kwa 119, na Fury anamzidi sentimita kama 15. Hapo ndipo ufundi ulipobeba mzigo kweli. Hata hivyo kilo 101 si mwili mdogo.

Wiki ya 9

Upepo na vumbi, kikohozi. Sikwenda.

Wiki ya 13

Zimefika 11 kati ya 34. Naanza kumsoma Fundi: kabla ya kuingia ndani anashusha kidevu kidogo.

Lakini lililonikaa kichwani leo ni jingine. Alikuja kijana anayepakia magunia ya mahindi soko la Kibaigwa, kilo 90, amecheza ngumi miaka sita. Hana umbo la jimu, mgongo tu mpana. Kocha akamweka na Fundi. Fundi alifikisha ngumi nyingi kuliko yeye, ila kila mara kuli yule alipomfikia, hata kwenye mikono iliyojikinga, Fundi alisogea hatua mbili asizozitaka. Raundi ya pili kocha aliikatisha katikati.

Ndiyo maana mashindano yana madaraja ya uzito. Olimpiki ya Paris Fundi angekuwa kwenye kilo 63.5, mimi kwenye zaidi ya 92, na kati yetu yako madaraja matatu mengine. Hata UFC, mashindano ya mapigano mchanganyiko, walipoanza Denver mwaka 1993 bila kugawa uzito, Royce Gracie mwenye kilo zisizofika 82 aliwashinda wakubwa kwa sababu wengi wao hawakujua mchezo wa chini, wa kukabana mkiwa sakafuni. Wengine nao wakajifunza, na kufika 1997 madaraja ya uzito yakaanza. Naliandika hili kwa ajili ya vijana wetu wadogo wanaodanganywa kwamba ufundi unatosha kwa yeyote. Mtu anaweza kuumizwa vibaya na maneno hayo.

Wiki ya 18

Nimepima leo: kilo 89. Vyuma nafanya mara mbili kwa wiki, zaidi miguu na mgongo. Ugali wa uwele na mlenda umerudi mezani kwangu, na mama amefurahi kuliko kocha.

Raundi ya kwanza na Fundi: 14 kati ya 31. Yeye 16 kati ya 29. Raundi ya pili, kwa mara ya kwanza, nilimsogeza hadi kwenye kona nikiwa nimelegea mabega, na yeye ndiye aliyeanza kupumua kwa mdomo. Nilipunguza nguvu, kumuumiza hakumo kwenye mradi.

Kocha amesema Jumamosi ijayo namwacha Fundi. Naingia na kuli wa Kibaigwa, raundi tatu. Simu nimeshaitafutia mahali pa kuiegemeza, juu ya debe la maji, upande wa kaskazini wa ulingo ambako jua la saa kumi haliipigi.